Unene wa mgongo si uimara wa kisu

Nimechoka kuulizwa milimita. Mtu anataka kisu kidogo cha kubeba kila siku, kigumu, cha kuaminika, na kabla hajaniambia atakata nini ameshasema: "Fundi, nitafutie kinene, milimita 5 au 6, kisije kikanivunjikia." Nikimpa cha milimita 3 anakigeuzageuza, anabonyeza ubapa kwa dole gumba, kisha ananirudishia bila neno.

Basi naandika kwa kirefu, maana imani hii inawabebesha watu vyuma visivyokata. Uimara wa kisu kidogo unatoka kwenye chuma chenyewe, namna kilivyochomwa na kupozwa, na umbo la ukingo wake. Unene wa mgongo ndio kitu cha mwisho kuangalia.

Nazungumzia kisu cha ala, ubapa wa sentimita 7 hadi 9, cha kufutika kiunoni au kutia kwenye begi. Cha kukunja kina nafasi yake, ila kina bawaba, kina loki, kina uchafu unaojificha ndani, na mkono ukilowa kukifungua ni tabu. Sitakaa hapo.

Wapenda unene wana jambo moja la kweli. Ukiongeza unene wa bapa mara mbili, ukaidi wake dhidi ya kupinda unapanda mara 8. Hiyo ni hesabu, haina ubishi, na ndiyo maana kisu cha milimita 6 ukikishika unahisi hakishindwi na kitu. Lakini kukataa kupinda ni jambo moja na kukataa kuvunjika ni jambo jingine. Chukua bapa mbili za chuma kimoja, zilizochomwa pamoja, moja ya milimita 3 na nyingine ya 6, uzipinde mpaka zifikie mpindo ule ule. Uso wa nje wa ile nene unavutwa mara mbili ya uso wa ile nyembamba, na ufa huanzia kwenye uso wa nje. Nyembamba inanesa, inarudi. Nene itataka nguvu nyingi zaidi kuifikisha pale, sikatai, ila ikifika inakatika pa!

Na hata hesabu hiyo ni ya pembeni, kwa sababu visu vidogo havivunjiki katikati. Wanaoniletea visu vilivyoharibika huniletea matatizo matatu: makali yaliyomeguka mapengo, ncha iliyokatika, na ubapa uliokatika pale unapokutana na msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Makali ni membamba hata kwenye kisu cha milimita 6, na ncha vilevile. Pale kwenye msuka kosa karibu kila mara ni kona. Mtengenezaji amekata bega la msuka kwa pembe mraba, na nguvu yote ya kupinda inakusanyika kwenye kikona kile cha ndani. Kona hiyo hiyo ikizungushwa kwa tupa ya mviringo, ufa haupati pa kuanzia. Mpini ukishavikwa huoni kitu, kwa hiyo mwombe anayekuuzia picha ya msuka ukiwa mtupu. Fundi makini anayo. Msuka mpana unaojaa mpini mzima ni mzuri, lakini usikatae kisu kwa sababu tu msuka wake ni mwembamba. Visu vya kazi vya Skandinavia vimetumia msuka mwembamba kwa vizazi na vizazi.

Sasa tuje kwenye kukata, maana ndiyo kazi ya kisu na ndiyo inayosahaulika. Chukua kadibodi nene ya tabaka mbili, ingiza kisu kinene. Mwanzo kinakwenda, kwa sababu makali yenyewe ni mazuri. Kisha mabega ya ubapa yanafika kwenye mkato na kadibodi haina pa kwenda. Pande mbili zinaubana ubapa, unasikia mkwaruzo mkavu, karatasi inachanika mbele ya makali badala ya kukatwa, na mkono wako unaanza kusukuma. Tazama kingo za mkato huo: zimejikunja, zimevimba. Kisu cha milimita 3 kilichochongwa bapa kutoka mgongoni hadi kwenye makali kinapita hapo hapo kwa uzito wa mkono tu, na kinaacha mstari ulionyooka. Jaribu na tunda gumu. Ubapa mnene unalipasua, haulikati. Na mkono unaosukuma ndio unaoteleza. Anayenunua unene akidhani ananunua usalama amejiongezea nguvu ya kusukuma, na nguvu hiyo siku ikiponyoka inaelekea pajani kwake.

Kipimo ninachotaka uulizie ni unene wa nyuma ya makali, yaani pale ubapa unapoishia na ule mteremko mdogo wa makali unapoanzia. Bana kaliper hapo. Kwa kisu kidogo cha kazi za kila siku napenda kati ya milimita 0.3 na 0.5. Chini ya hapo kinakata ajabu, ila kinataka mkono mtulivu usiopindisha kisu kikiwa ndani ya mkato. Ukifika 0.8 umeshashika shoka dogo, hata kama mgongo ni milimita 3. Wauzaji wengi hawaiandiki namba hii. Wanaandika unene wa mgongo kwa sababu ndio wanaoulizwa, na wataendelea hivyo mpaka wanunuzi wabadilishe swali. Pembe ya makali, nyuzi 17 hadi 20 kila upande zinatosha kwa chuma kilichochomwa vizuri.

Kilichochomwa vizuri, narudia. Chuma cha kaboni nyingi kama 1095 kikitoka motoni na kuzamishwa kwenye mafuta kinakuwa na ugumu wa karibu 65 kwa kipimo cha Rockwell, na kikianguka kwenye sakafu ya saruji kinaweza kukatika vipande. Ndipo kinarudishwa kwenye joto la chini, nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kishuke hadi 58 au 60 na kipate kunesa. Joto hili la pili ndilo linalokipa uimara unaoutafuta. Haliongezi hata nusu milimita, halionekani kwenye picha, na ndilo la kwanza kufupishwa fundi akiwa na haraka.

Mimi hulipima hivi. Nakilaza kisu kwenye ufito wa shaba kwa pembe ndogo, makali yakigusa shaba, nabonyeza huku nikitazama dhidi ya taa. Ukingo unabinuka juu ya shaba, na wimbi dogo la mwanga linatembea kufuata mkono wangu. Likipita na ukingo ukanyooka, chuma kiko sawa. Ukibaki umepinda, chuma ni laini mno. Ukimeguka, ni kikavu mno. Kwenye kisu kilichoachwa kinene nyuma ya makali ukingo haubinuki kabisa, na hapo kipimo hiki hakisemi lolote. Unene unaficha kazi mbovu. Fundi asiyeamini uchomaji wake huacha chuma kingi ukingoni ili kisimwaibishe, na mnunuzi anasifu kwamba kisu ni imara.

Kuhusu aina za chuma nitapita haraka. 52100, chuma cha beringi, na 5160, chuma cha springi za magari, vinastahimili mapigo vizuri sana lakini vinaota kutu ukiviacha na maji. AEB-L, chuma cha nyembe kutoka Sweden, na 14C28N havishiki kutu kirahisi, na vinastahimili kuliko watu wanavyodhani. D2 kina kromiamu ya karibu asilimia 12 na kinakaa na makali muda mrefu, ila chembe zake za kabaidi, zile ngumu zilizomo ndani ya chuma, ni kubwa na ukingo mwembamba humeguka kirahisi. Kukinunua D2 kwa ajili ya vishindo ni kukionea.

Kuna anayesema yeye hupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu na gogo. Kwa ubapa wa sentimita 8? Kijiti kilichonyooka, kisicho na vifundo, chembamba kuliko urefu wa ubapa, hata kisu cha milimita 3 kitakipasua bila shida. Zaidi ya hapo chukua shoka. Na ukitaka kutekua, mtaimbo upo. Ncha ya kisu iliyonenepeshwa ili itekue vifuniko haitoboi, na siku chuma kikikataa itakatika vilevile.

Kuna mambo ambayo karatasi za kiwandani huyapamba. Namba ya Rockwell, kwa mfano: kisu kimoja, mashine moja, vipimo viwili vinaweza kupishana pointi nzima. Anayekubembeleza kwa sababu chake ni 61 na cha jirani ni 60 hajakuambia kitu. La pili ni gumu zaidi kwangu kulisema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nipe visu viwili vya vyuma tofauti, unene sawa nyuma ya makali, pembe sawa, ugumu unaokaribiana, unifunge macho nikate kamba. Siwezi kuapa kwamba nitavitofautisha kwa mikato michache. Tofauti ipo, inajitokeza kwa matumizi ya muda mrefu, lakini ni ndogo kuliko mabishano yake. Na ule mpaka kati ya ukingo mwembamba unaofaa na ule uliopitiliza hauna fomula. Namtazama mtu anavyoshika kisu na anachokata, halafu naamua.

Mpini uingie vidole vinne. Watu wanapunguza mpini ili kisu kiwe kidogo, kisha kinazunguka mkononi kwenye kazi ya kwanza ngumu. Punguza ubapa, usipunguze mpini. Kuwe na kinundu mbele cha kuzuia vidole visiteleze kwenye makali. Mbao, Micarta (kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu), G10 (vivyo hivyo kwa nyuzi za kioo), chagua unachopenda.

Ala ina uzito kuliko jina la chuma. Ichomeke kisu, ipindue, itikise: kisu kisitoke, na kisipwaye. Kichomoe ukisukuma kwa dole gumba dhidi ya ala, ili mkono usiruke kwa nguvu. Ya plastiki ngumu iwe na tundu chini la kutolea maji, na ioshwe, kwa sababu vumbi lililonasa ndani linakwaruza ubapa. Ya ngozi hutunza unyevu. Kisu cha kaboni kisilale humo kikiwa kimelowa. Na kabla ya kukifutika, soma sheria ya mahali ulipo, maana sehemu nyingi zinakibana zaidi kisu kisichokunjwa kuliko cha kukunja.

Kikifika mikononi mwako, usikihukumu kwa makali ya kiwandani. Wakati wa kunolewa kwa mashine ukingo mwembamba hupata moto haraka, na chuma cha kawaida cha kaboni kikifika rangi ya buluu, karibu nyuzi 300, kimeshalegea pale ukingoni. Kinoe kwenye kinoo chenye maji mara tatu nne, uondoe tabaka hilo, ndipo ukutane na chuma chenyewe. Makali yakiendelea kujikunja au kumeguka kwa kazi nyepesi baada ya hapo, kosa liko kwenye uchomaji. Mrudishie aliyekuuzia.