Kabla ya Kubonyeza RESET: Namna ya Kujua Hitilafu ya Intaneti ya Nyumbani Iko Wapi

Intaneti ya nyumbani inapokatika, wengi wetu hutafuta pini na kuidukiza kwenye kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya modemu. Ninaomba tuanzie hapo, kwa kuwa kitendo hicho kinaweza kumgharimu mteja zaidi ya hitilafu yenyewe. Kukibonyeza kitundu hicho kwa sekunde 10 hivi hakuunganishi waya uliokatika, bali hufuta mipangilio yote, na mara nyingi hufuta pia jina la akaunti na nywila ambavyo fundi aliviingiza siku ya kufunga huduma ili mtandao wa mtoa huduma uweze kukutambua. Mtu aliyekuwa na waya uliolegea tu sasa atahitaji kuletewa fundi. Kuzima kifaa kwa swichi yake, kusubiri dakika moja, kisha kukiwasha tena, ni jambo jingine kabisa: hakufuti kitu, na kunafaa kujaribiwa.

Kabla ya hapo, soma taa. Kwa nyumba zilizounganishwa kwa faiba, ambazo sasa zimeenea Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, taa mbili ndizo za kutazama. PON ikiwa ya kijani na imetulia, kifaa chako kinawasiliana na mtambo wa mtoa huduma. LOS ikiwaka nyekundu au kupepesa, mwanga unaobeba mawasiliano haufiki kwenye kifaa, na hapo hakuna mpangilio wowote wa simu au kompyuta utakaosaidia.

Niliwahi kuingia katika nyumba moja ambayo taa hiyo nyekundu ilikuwa imewaka siku mbili. Mwenyeji alikuwa amekwisha kuzima na kuwasha mara nyingi, akabadilisha hata nywila ya Wi-Fi. Nilipofuata ule waya mwembamba kutoka kwenye kifaa, niliukuta umebanwa nyuma ya kabati la vyombo lililosukumwa ukutani wakati wa usafi, nao umekunjika kama karatasi. Tulilivuta kabati, nikaunyoosha waya taratibu hadi ukafanya mviringo mpana, na taa ikawa ya kijani kabla sijasimama. Waya wa umeme huvumilia kukunjwa; faiba haivumilii, kwa sababu ndani yake mna uzi wa kioo, na mwanga hutoroka pale penye kona kali. Kama umekunjika hadi kioo kikavunjika, hautanyooshwa, utabadilishwa.

Usichomoe ncha ya faiba ili kuifuta kwa kanga au kidole. Njia ya mwanga katikati ya uzi huo ina upana wa mikromita 9 hivi, wembamba kuliko unywele mara kadhaa, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inatosha kuiziba. Vilevile usiichungulie. Mwanga unaoshuka kwako kwa kawaida una urefu wa mawimbi wa nanomita 1490, nje ya uwezo wa jicho la binadamu. Hutaona chochote, lakini jicho linaweza kudhurika.

Kifaa kinachozimika na kuwaka chenyewe, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, kichunguze adapta. Adapta ya volti 9 iliyoazimwa kwenye kifaa cha volti 12 huenda ikawasha taa vizuri, kisha kifaa kikazidiwa kazi inapoongezeka. Soma namba zilizoandikwa kwenye vyote viwili: volti zilingane, na ampea za adapta zisipungue zile kifaa kinazohitaji.

Taa zikiwa sawa na intaneti bado haipo, hakikisha kwanza kwamba kifurushi hakijaisha. Kisha unganisha kompyuta kwenye modemu kwa waya. Ikipata intaneti, huduma inafika nyumbani na tatizo ni Wi-Fi: pengine kifaa kimefichwa nyuma ya televisheni, au kuta nene za saruji zinameza mawimbi ya gigahezi 5, ambayo yana kasi lakini hayapenyi kuta kama yale ya 2.4. Kompyuta isipopata intaneti, tazama anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, iliyomo katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Ikianza na 169.254, modemu haikuipa anwani, basi kagua waya huo na uwashe modemu upya. Kama anwani ni ya kawaida, mathalani inayoanza na 192.168, na baadhi ya programu zinafanya kazi huku tovuti hazifunguki, huenda seva ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani (DNS) imekwama. Jaribu kuweka anwani ya seva nyingine, 8.8.8.8 au 1.1.1.1, kwenye mipangilio ya DNS ya kompyuta.

Iko pia hitilafu ambayo haimo nyumbani wala mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Modemu za majumbani hazikuwa na kasoro yoyote. Ndiyo maana ninasisitiza kumuuliza jirani anayetumia mtoa huduma huyohuyo: faiba moja ya mtaani hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, hivyo naye akikosa huduma, usihangaike na kifaa chako.

Unapopiga simu kwa mtoa huduma, mwambie taa ipi inawaka na kwa rangi gani, huduma ilikatika saa ngapi, kompyuta iliyounganishwa kwa waya ilionyesha nini, na hali ya jirani. Fundi akija kwa tatizo la LOS, atapima nguvu ya mwanga kwa kipimo cha dBm. Vifaa vingi vya nyumbani hufanya kazi kati ya −8 na −27. Akimaliza, mwombe akuonyeshe namba hiyo, uiandike kwenye kipande cha karatasi pamoja na tarehe, na uibandike chini ya modemu. Huduma ikisumbua tena na namba ikaonekana imeshuka kutoka −19 hadi −26, yaani mwanga umedhoofika, fundi atakayefuata ataanza na faiba wala hatagusa mipangilio yako.