Ditekta haijui dhahabu

Juzi nimeulizwa tena. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mwembe, pembeni ya uwanja wa shule moja hapa Mtwara, kisu mkononi, hedfoni shingoni, ditekta yangu ya kutafutia metali ardhini pembeni. Akaja mzee mmoja mwenye heshima zake, kanzu safi, ametoka kuswali alasiri. Nikamwamkia, akaitikia. Akachuchumaa, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuposa, akashusha sauti: "Mwanangu, hiyo ukiiwasha kule bomani si itakuonyesha sanduku lilipo?"

Nikamwambia, mzee wangu, hii haionyeshi sanduku, inaonyesha visoda. Akacheka kwa adabu, kicheko cha mtu aliyeelewa kwamba siri haitolewi uwanjani mbele ya watoto, akaniachia namba yake ya simu. Hiyo ni namba ya 4 tangu minada ya korosho ianze. Watu wakishika hela kidogo wanataka kuzitumbukiza kwenye mali ya Mjerumani, yale masanduku ya dhahabu yanayosemekana alifukia chini ya maboma yake enzi za ukoloni. Basi naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Ditekta haijui dhahabu. Haijui fedha, haijui shaba, na Mjerumani ndiyo kabisa hamjui. Koili, ile duara ya waya iliyo chini ya mashine, inatupa uga wa sumaku ardhini. Kitu chochote kinachopitisha umeme kinapata mkondo mdogo wa kuzunguka ndani yake, mkondo huo nao unarudisha uga wake, na mashine inapima mambo mawili: uliorudi una nguvu gani, na umechelewa kiasi gani. Huko kuchelewa ndiko kunakogeuzwa kuwa namba kwenye kioo. Yangu inahesabu mpaka 99.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo video za WhatsApp zinapowaharibu watu. Kuna kijana alinitumia moja, jamaa anasema "ukiona namba hii, chimba, ni dhahabu". Namba si jina la kitu. Ni kama mshale wa mzani sokoni: ukisimama kwenye kilo moja hujui kama sahanini kuna mchele, dagaa au misumari. Ndani ya ile namba kuna aina ya metali, ukubwa, unene, umbo, kitu kimelala au kimesimama, na udongo wenyewe. Pete nyembamba ya kike inaangukia palepale panapokaa karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Pete nene ya kiume inaangukia kwenye kile kipete cha kufungulia kopo la bia. Ganda la vidonge likikunjwa vizuri linaweza kukudanganya kuwa hereni. Na kwa kuwa uwanja wa mpira usiku una watu wanaocheza na mpira wa aina nyingine, zile pakiti nazo zina alumini ndani, na zinapiga sauti tamu kweli. Nimechimba nyingi. Nilizoea kuona haya, siku hizi natia mfukoni tu.

Mwaka juzi mwalimu mmoja alipoteza pete ya ndoa kwenye uwanja wa netiboli. Aliivua kabla ya mchezo, akaifunga kwenye pindo la kanga, kanga akaikung'uta baadaye mwenyewe. Alinionyesha eneo, kama chumba kimoja na sebule. Jioni ya kwanza nikapita kwa kiburi: nikafuta namba zote za chini, nikabakiza zile "nzuri". Sikupata kitu. Jioni ya pili hivyohivyo, nikaanza kumshuku mwalimu kwamba hakumbuki vizuri. Jioni ya tatu nikafungua kila kitu, nikachimba kila kilicholia. Karatasi za sigara 22. Sauti ya 23 ilikuwa ikicheza kati ya 44 na 46, sawa kabisa na nyingi za zile karatasi, nikaichimba kwa hasira ya kumaliza kazi. Ilikuwa pete. Chini ya kina cha vidole viwili! Nilishapita juu yake mara mbili, na mashine mara zote mbili ilinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia inyamaze.

Tangu siku hiyo sina raha. Viwanja vyote nilivyopita kabla ya hapo nikiwa nimefuta namba za chini, pete ngapi niliziruka? Wanaouza mashine hawalisemi hili. Wanakuuzia uwezo wa "kutochimba takataka", na huo ndio uwezo wa kutopata dhahabu.

Mkufu ni balaa zaidi. Unadhani mkufu mzito wa gramu kumi utalia kama kengele. Mashine haiuoni kama kitu kimoja, inaona vipete vidogovidogo vilivyogusana ovyo, kila kimoja kinajibu kwa unyonge wake. Mara nyingi unachosikia ni kile kifungio cha nyuma tu. Kipini cha pua sijawahi kukipata, na akija mtu kuniomba nimtafutie kipini nitamwambia ukweli kabla sijapokea soda yake.

Halafu kuna hili linaloniudhi hata kuliko boma. Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa watu wa Marekani na Uingereza, na vyote vinakuanzishia na wimbo mmoja: chuja chuma, chuma ni takataka. Chukua hamsini ya vifaru na mia ya swala uliyonayo mfukoni, isogezee sumaku. Imenasa? Ni chuma kilichopakwa metali ya njano juu. Mia tano ya 2014 nayo ni chuma kilichopakwa nikeli. Hela yetu nyingi ni chuma, jamani! Ukichuja chuma kwenye uwanja wa Tanzania umechuja hela. Nilitumia msimu mzima nikishangaa mbona watu wa Mtwara hawapotezi mia.

Usipochuja, unakutana na kisoda. Kisoda ni bati la chuma lililopakwa, duara, ukubwa wa sarafu. Mia ni chuma kilichopakwa, duara, ukubwa wa sarafu. Zote mbili namba zinarukaruka, juu, chini, juu. Wapo wanaodai wanazitofautisha kwa sikio: kisoda kinakwaruza mwishoni, sarafu inakata. Mimi miaka sita sasa nasikiliza, na nikibashiri napata kama mtu anayerusha hiyo sarafu yenyewe. Nachimba vyote. Kile kiroba kinachoning'inia kiunoni mwangu, ambacho watoto wanakiita "mfuko wa dhahabu", kina visoda.

Kinachofurahisha ni hela za zamani. Shilingi ya 1966, ile yenye mkono ulioshika mwenge, ni shaba na nikeli tupu, inalia safi na namba inasimama. Thumni ya sungura vilevile. Senti ishirini yenye mbuni pia haisumbui. Zinatoka ardhini zimechafuka tu, unasugua kwa kidole unamwona Nyerere kijana. Mia ya miaka ya tisini ikikaa mvua kadhaa kwenye udongo wetu mwekundu, ule upako unapasuka, kutu inaingia, unatoa kitu kama biskuti iliyoungua. Ya babu nzima, ya mjukuu imeoza. Siku nyingine utapata senti kumi ya mkoloni yenye tundu, ina pembe mbili za ndovu, unaweza kuitia uzi na kuivaa. Bibi yangu alikuwa akizifunga hivyohivyo, kamba moja.

Wapi pa kutafuta? Si katikati ya uwanja. Wachezaji wana bukta zisizo na mifuko. Mali iko kwa watazamaji: chini ya mwembe, nyuma ya goli, alipokaa muuza karanga, aliposimama wa kahawa, na popote akina mama wanapofungua pindo la kanga kutoa hela. Kiwanja kilichoswaliwa Idd, halafu watoto wakapewa hela ya sikukuu palepale, hicho ni shamba. (Ndiyo, naokota hela za Idd za watoto. Nimelifikiria hilo usiku. Mtoto akija kudai mia yake nampa.) Shangani ufukweni nimeacha: mchanga mbichi wa chumvi nao unapitisha umeme, mashine yangu inayotumia masafa (frequency) ya aina moja tu inapiga kelele kama imepandisha mashetani.

Na kina, tafadhali. Sarafu naipata kwenye sentimita 15, ikilala vizuri labda 20. Anayekuuzia mashine ya mita kumi kwa pete anakuuzia hadithi. Uga unafifia ukishuka na unafifia tena ukirudi. Kwa kitu kidogo, ukizidisha umbali mara mbili jibu linapungua kama mara 64. Mara 64! Wale wenye fimbo mbili za kujizungusha mikononi siwazungumzii. Waulizeni wenyewe betri inakaa wapi.

Sasa Mjerumani.

Sikatai kwamba dhahabu yake ilikuwepo. Mwaka 1916 pale Tabora walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ina tembo, gramu 7 na kidogo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198. Lakini jiulizeni kwa nini walijipigia sarafu wenyewe porini, tena Tabora. Kwa sababu Waingereza walikuwa wamefunga bahari na hela kutoka kwao haifiki. Mwaka uleule, mahali palepale, walipiga sarafu ndogo za heller 20 na heller 5 za shaba, chakavu za vita zikaingia humo humo, na juu yake wakachapa noti za karatasi hapahapa nchini ili askari na wapagazi walipwe. Mtu mwenye masanduku ya dhahabu chini ya boma hayeyushi chakavu kutengeneza chenji.

Oktoba 1917 wakapigana Mahiwa, huko Lindi, siku nne, watu wakaanguka kwa maelfu, waliokufa na waliojeruhiwa. Mwezi uliofuata mabaki yao wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji kwa sababu risasi zinaisha, chakula hakuna, dawa hakuna. Huyo ndiye unayesema alipata nafasi ya kuchimba handaki Mikindani, akapanga masanduku, akafukia vizuri na kupanda mbuyu juu kama alama? Kitu kikubwa alichotoa Lindi kinajulikana kilipo: mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, tani zaidi ya 200, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin. Ilibebwa kwa vichwa vya watu wetu mpaka bandarini Lindi. Nikiwaza watu kuhangaikia sanduku la kubuni ilhali mzigo wa kweli uko Berlin, nashikwa na kicheko kisicho kizuri.

Rupia ya kawaida ya fedha ipo, huokotwa, mimi ninayo moja. Haivuti mchele. Nimejaribu, kwa mchele wa Kyela na wa Mbeya na wa msaada. Aliyekuambia inavuta mchele na kuna Mwarabu anainunua kwa mamilioni anatafuta hela ya "kuisafisha", na hiyo hela ni yako.

Na bomani sipeleki koili, hata nikiambiwa tugawane nusu kwa nusu. Boma la Mikindani lilijengwa 1895, sasa ni hoteli, ina wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haikuruhusu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, na Kilwa Kisiwani ndiyo usithubutu hata kushuka na mashine kwenye jahazi. Kuna sarafu 5 za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa na mwanajeshi kisiwani huko kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Akazitia koponi zikakaa mpaka 1979. Mpaka leo wasomi wanabishana zilifikaje, kwa sababu hakuna aliyeandika zilikuwa kina gani na pembeni yake kuna nini. Basi hata shilingi ya 1966 mimi naandika: uwanja gani, hatua ngapi kutoka goli, kina gani. Daftari langu linachekesha, lakini lipo.

Mengine haraka. Omba ruhusa, kwa mwalimu mkuu au serikali ya mtaa. Uwanja wenye geti kama Nangwanda Sijaona una utaratibu wake, ufuate au ubaki nje kama mimi. Shimo lifukie na ulikanyage, mtoto akivunjika kifundo ni wewe. Chimba baada ya mvua za Desemba kuanza, kabla ya hapo ardhi ni saruji. Ukikuta kitu kizito cha mviringo chenye ncha, hasa ukiwa njia ya Mahiwa na Nyangao, huenda ni bomu la vita ile, usikigonge, usikipige picha ukiwa umekishika. Weka alama, ondoka, ita polisi.

Jioni ile mzee alipoondoka niliendelea mpaka magharibi. Visoda 31, misumari ya bati 9, ganda la betri, karatasi za sigara sikuhesabu, hereni moja ya kuchovya isiyo na mwenzake. Hela: sarafu moja ya 200, sarafu mbili za 100 zenye kutu, na hamsini moja. Shilingi 450. Bodaboda ya kurudi nyumbani 1,000.