Mizani ya nguvu: maana yake ukiitazama kutoka Kasumulu

Kwa dereva wa lori la Zambia, mizani ni ile ya Mpemba, kabla hujafika Tunduma: unapanda, unapimwa, ukizidisha unalipa. Katika siasa za mataifa, mizani ya nguvu ni hali ambayo hakuna nchi yenye uzito wa kuwaamrisha majirani zake bila kuzuiwa. Si lazima nguvu zilingane. Inatosha kila upande ushike kitu ambacho mwenzake hawezi kukikosa, na mara nyingi kitu hicho si bunduki.

Chukua Malawi, nchi isiyo na bahari. Kwa miaka mingi mizigo yake ilipita Msumbiji, kwa reli za Nacala na Beira. Mwaka 1967 Tanzania ilipotamka kwamba mpaka upite katikati ya Ziwa Nyasa, Rais Kamuzu Banda alikataa katakata. Alishikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoweka mpaka ufukweni kwetu, upande wa Tanzania. Mwaka huohuo alianzisha uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini ya makaburu, jambo lililoichoma sana Tanzania. Kisha vita vya Msumbiji vikazikata zile reli miaka ya 1980. Njia mojawapo ya kutegemewa ikawa bandari ya Dar es Salaam, reli ya TAZARA hadi Mbeya, halafu lori kuteremka Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Bohari ya mizigo ya Malawi ilijengwa Mbeya kwa sababu hiyo. Mizani ilihama, wala hakuna askari aliyevuka Mto Songwe.

Usidhani lakini kwamba uzito wote uko kwetu. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa za Tanzania, mchele, tangawizi na ndizi zikiwemo. Ndizi za Rungwe hazisubiri mabalozi. Zikilala kwenye fuso chini ya turubai na joto la Kyela, zinaiva zote kwa mkupuo, maganda yanapiga madoa meusi, na aliyekopa ili akusanye mikungu hana la kumwambia aliyemkopesha. Inaniuma kila nikifikiria. Aprili, Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi, na ya Afrika Kusini pia. Siku chache baadaye ikalegeza ili mazungumzo yaanze. Kila upande ulikuwa umeshauhisi uzito wa mwenzake.

Ziwa lenyewe bado halijapata suluhu, hata baada ya jopo la marais wastaafu lililoongozwa na Joaquim Chissano kuingilia kati. Ila kwenye Songwe mambo ni mengine. Mto huu ndio mpaka, na huhama: masika yakiwa makubwa unapiga kona mpya, na shamba la mtu linaamkia nchi ya pili. Nchi hizohizo zinazovutana juu ya ziwa zimeunda kamisheni moja ya bonde la Songwe, zikipanga mabwawa ya kuutuliza, maana hakuna anayeweza kuushika mto huo kwa kingo moja.