Trekta ya hp 75 haivuti hp 75: dhana potofu kuhusu trekta na zana za kulimia

Ugomvi mwingi kati ya mwenye shamba na dereva wa trekta huanzia kwenye namba iliyoandikwa ubavuni mwa boneti. Mwenye shamba anaisoma, anaona hp 75 (nguvu za farasi 75), anataka plau pana kuliko zote. Dereva anaingia shambani, injini inazama, moshi mweusi unatoka, matairi yanachimba mashimo, kisha lawama zinaiangukia mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa lilifanyika siku zana iliponunuliwa, na linaendelea kulipwa kwa dizeli, klachi na matairi.

"Injini ni ya hp 75, basi plau inapata hp 75"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Namba ya boneti ni nguvu ya injini. Kabla haijafika kwenye plau inapita kwenye gia, difu, ekseli na matairi, na kila kimoja kinakula sehemu yake. Wahandisi wa zana za kilimo wana kanuni ya mkato: kila hatua, zidisha kwa 0.86. Kwa kanuni hiyo, injini ya hp 75 inabaki na takriban hp 64 kwenye shafti ya PTO, ile inayozungusha zana. Kwenye sakafu ya zege inavuta kwa hp 55 hivi. Ikiingia kwenye ardhi ngumu isiyolimwa inashuka hatua mbili: nguvu unayoweza kuitegemea kutwa nzima ni karibu hp 41. Kwenye udongo uliokwisha kutifuliwa ni 35, na kwenye udongo laini kabisa ni 30.

Namba za matangazo zimewahi kuwatesa wakulima hadi sheria ikaingilia. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska nchini Marekani liliamuru trekta zinazouzwa humo zipimwe kwanza, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakiuziwa mashine zisizofikia nguvu zilizotangazwa. Ukipata ripoti ya vipimo vya trekta unayoitaka, anza na nguvu ya PTO na nguvu ya kuvuta. Ya injini iache mwisho.

Mwinuko nao hula. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Shamba likiwa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, moja ya tano ya nguvu imeshaondoka kabla hujaishusha zana.

"Kuna jedwali moja: hp kadhaa, diski kadhaa"

Majedwali hayo ya kuoanisha hp na idadi ya diski, yaani sahani za plau, yanasaidia kuanza, lakini hayaujui udongo wako. Chukua plau ya kupindua udongo yenye upana wa mita 1, ikilima kina cha sentimita 20 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Kwenye mfinyanzi mzito, hesabu za kawaida za kihandisi zinatoa mvuto wa karibu tani 1.7, yaani kama hp 37. Kwenye kichanga, plau ileile, kina kilekile, mwendo uleule, inataka kama hp 17. Trekta yetu yenye hp 41 za kuvuta inaumudu mfinyanzi huo kwa shida kidogo, na kwenye kichanga inabaki na nguvu ya kutosha plau mbili.

Sasa shusha plau hadi sentimita 25 kwenye mfinyanzi. Mvuto unapanda sambamba na kina, na hitaji linafika hp 46. Trekta imeshindwa, na hakuna kilichobadilika ila sentimita tano. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe "trekta hii inavuta diski ngapi?" Liwe: inavuta upana gani, kwa kina gani, kwenye udongo upi? Muuzaji asiyekuuliza kuhusu udongo wako hajakusaidia kuchagua.

"Zana pana humaliza shamba mapema"

Humaliza mapema ikiwa trekta inaivuta kwa mwendo unaofaa. Eneo unalolima kwa saa linatokana na upana mara mwendo. Plau ya mita 1.5 inayoburuzwa kwa kilomita 3.5 kwa saa inalima kidogo kuliko plau ya mita 1 inayokwenda kilomita 6. Na hapo hatujataja muda wa kusimama, kurudi nyuma na kuinua plau ili trekta ipumue. Kibaya zaidi, dereva aliyezidiwa huipandisha zana kidogo kidogo bila kusema. Shamba linaonekana limelimwa, kumbe plau imekwangua juu na tabaka gumu la chini limebaki palepale.

Wengine hukimbilia kinyume chake: plau ndogo, mwendo mkali. Plau ile ya mita 1 kwenye mfinyanzi, ukiitoa kilomita 6 ukaipeleka 9 kwa saa, hitaji linaruka kutoka hp 37 hadi kama 71, kwa sababu mwendo unapanda na mvuto wenyewe nao unapanda. Haro (zana ya kuvunja mabonge baada ya kulima) na zana nyepesi huvumilia mwendo zaidi, lakini plau haivumilii.

"Shamba limeshalimwa, kwa haro chukua pana kuliko zote"

Wanaosema hivyo wanasahau kwamba matairi nayo yanakanyaga udongo huohuo uliolegezwa. Rudi kwenye zile namba: kutoka 41 tumeshuka hadi 35, pengine 30. Haro nzito inayozama inaweza kuilemea trekta iliyolima shamba hilohilo bila taabu.

"Matairi yakiteleza, trekta haina nguvu"

Mara nyingi injini ina nguvu tele, ila haifiki chini kwa sababu trekta ni nyepesi kwa kazi hiyo. Usikisie, pima. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Zana ikiwa ardhini kwa kina chako cha kawaida, endesha hadi tairi lizunguke mara 10, weka kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Rudi, inua zana, pita umbali uleule ukihesabu tena. Yakitoka mizunguko 9, mtelezo ni asilimia 10, na hapo mambo ni mazuri. Mizunguko 8.5 ni asilimia 15, mpaka wa juu. Ikiwa 8 au chini, punguza upana au kina, au ongeza uzito kwa vyuma au maji kwenye matairi.

Lakini usipakie vyuma hadi mtelezo uishe kabisa. Chini ya asilimia 5 hivi, trekta imekuwa nzito mno: inachoma dizeli kubeba uzito wake yenyewe, inagandamiza udongo na kuumiza gia. Kuhusu 4WD, yaani trekta inayosukumwa na magurudumu yote manne, haiongezi nguvu ya injini. Inaisaidia kufika ardhini zaidi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

"Diski haizami, kwa hiyo tafuta trekta kubwa"

Plau ya diski huzama kwa uzito wake na kwa pembe ya diski. Kwenye ardhi ngumu, simamisha diski wima zaidi au ongeza uzito kwenye fremu. Trekta kubwa ikivuta plau nyepesi itaiburuza juu ya ardhi kwa kasi zaidi tu.

"Rotaveta huchaguliwa kama plau"

Hapana. Rotaveta, zana yenye visu vinavyozunguka kutifua udongo, hula nguvu ya PTO na haihitaji kuvutwa sana, mara nyingine hata huisukuma trekta mbele. Linganisha upana wake na hp za PTO, na hakikisha unafunika nyayo za matairi.

"Pini zimeingia na haidroliki imeinua, basi zinafaana"

Pini za kuunganishia zana hueleza ukubwa wa tundu tu, na kwa bushi zana ya daraja la 1, yenye pini ndogo, huingia kwenye trekta ya daraja la 2, yenye pini kubwa zaidi. Trekta kubwa inaweza kupinda fremu ya zana ndogo mara inapogonga kisiki. Kuinua nako si kuvuta: zana ndefu ikining'inia nyuma huchukua uzito wa ekseli ya mbele. Ekseli hiyo ibaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta, la sivyo usukani haushiki.

Zana kubwa mno ikikwama, wapo wanaofunga mnyororo kwenye ekseli au kiungo cha juu cha kushikia zana ili wapate mvuto zaidi. Hapo trekta huweza kupinduka kinyumenyume na kumlalia dereva kabla hajapata muda wa kukanyaga klachi. Mnyororo hufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, chini ya usawa wa ekseli, na si pengine popote.