Mwache avae ndala zake

Jana asubuhi, kwenye kituo chetu cha kulea watoto wadogo, Shangani, Mtwara, mtoto wa miaka miwili na miezi minne alikaa kizingitini akihangaika na ndala kwa karibu dakika 10. Bibi yake alisimama pembeni, na mara tatu aliinama ili amvalishe. Mara ya tatu nikamwomba, "Bibi, mwache kidogo." Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, uji utapoa."

Uji ulipoa kweli. Lakini kwa mtoto wa umri ule, ndala ni kazi nzito. Dole gumba litengane na vidole vingine, mkono uvute mkanda huku mguu ukisukuma, na mwili usipinduke. Wengi huweza kuvua kwanza. Kuvaa huja baadaye. Mtu mzima akiingia katikati, mtoto hubaki hajui ile hatua ya mwisho, na akizoea kumaliziwa huacha hata kuanza.

Njia tunayofuata ni ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Alitaka viti na meza viwe vyepesi, mtoto aweze kuvibeba mwenyewe. Nyumbani hakuhitajiki samani za kununua. Shusha msumari wa kutundikia nguo, weka kikombe chake rafu ya chini, na tambara la kufutia liwe mahali anapofika.

Hilo tambara nalipenda kuliko vifaa vyote. Kumimina tunaanza na kunde, kutoka kikombe kimoja hadi kingine, mwalimu akiwa karibu kwa sababu watoto hutia mbegu puani. Mikono ikitulia tunahamia kwenye maji, jagi dogo lisilojaa. Namwonyesha mara moja, polepole, bila kusema neno, maana nikisema atanitazama mdomo badala ya mikono. Maji yakimwagika simkemei. Naelekeza macho kwenye tambara, naye huenda kulichukua. Mara nyingi anafuta kwa furaha kuliko alivyomimina.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wazazi wengi wanashinda mashambani na watoto wanataka kufanya wanachokiona. Ganda gumu si lao, mafuta yake yanaunguza ngozi. Lakini korosho ikishachomwa na kubanguliwa, kumenya ile ngozi nyembamba ni mazoezi mazuri ya vidole kwa mtoto wa miaka mitatu. Tunakaa nao muda wote, kwa kuwa korosho nzima inaweza kumkaba mtoto mdogo. Walizomenya tunazitwanga na kuzitia kwenye uji.

Wazazi huniuliza kama hivi si kumdekeza. Nawaambia hapana, mipaka ipo. Moto, kisima na barabara havijadiliwi. Kwenye nguo nampa mbili achague, wala simfungulii sanduku zima. Na yule anayelia "mwenyewe!" kila unapomgusa, tafadhali msimwite mbishi. Anakuonyesha kazi aliyo tayari kuijifunza. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inahimiza malezi yenye mwitikio, yaani kumsoma mtoto na kumjibu anachohitaji, na kwangu mwitikio mara nyingi ni kuzuia mkono wangu. Hata baada ya miaka yote ya kazi hii, bado naona ugumu, hasa wazazi wanaponisubiri mlangoni.

Leo bibi amefika mapema kuliko kawaida. Amekaa kibarazani, mikono ndani ya kanga, akimtazama mjukuu. Ndala zimeingia zote mbili, ya kushoto mguu wa kulia. Bibi amenitazama, nikatikisa kichwa. Mtoto ametembea hatua kama sita, akasimama, akaangalia miguu yake, akakaa tena chini.