Shokabu haziinui gari, springi ndio hubeba
Ile meseji ya "weka shokabu ndefu ngumu, gari ya fobaifo (4x4) itapanda juu uvuke matope ya Kano bila kukwama" imerudi tena kwa magrupu ya madereva hapa Kisumu. Jamani, shokabu haibebi gari. Uzito unabebwa na springi, shokabu kazi yake ni kutuliza springi isirukeruke ukipita shimo. Ukitaka kuhakikisha, paki mahali tambarare, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, badilisha shokabu peke yake halafu upime tena, utapata karibu vilevile, hata zile za gesi husukuma kidogo tu. Watu huchanganyikiwa juu fundi hufunga springi na shokabu siku moja, gari ikipanda sifa zote zinaendea shokabu. Na gari ikiinuliwa sana inapinduka rahisi kwa kona, inchi 2 zinatosha wengi wetu. Chagua springi kulingana na mzigo unaobeba kila siku, shokabu ifuate urefu wa hiyo springi. Kwa hivyo ukitumiwa hiyo meseji tafadhali usiisambaze, kuna mtu atatoa pesa ya karo anunue kitu hakitamsaidia.