Dumu la nyungunyungu nyuma ya jiko

Mwezi Julai hapa Ujiji ardhi hukauka hadi jembe linadunda. Vijana wanaovua ngege kwa ndoano huzunguka na kopo mkononi, wachimbe pembeni ya bafu, wachimbe yanapomwagwa maji ya vyombo, wafike hadi kwenye migomba ya watu na kugombezwa, kisha warudi na nyungunyungu watatu wembamba. Hawajafa waliosalia. Mvua ikikatika huzama chini wanakopata unyevu, wakajikunja kama fundo na kutulia hivyo hadi mvua za Oktoba au Novemba. Kiangazi kimoja cha namna hiyo ndicho kilichonifanya nianze kuwafuga. Leo kila anayekuja kuniuliza namwambia neno moja kabla ya mengine: tunza malalo, nyungunyungu watajitunza wenyewe.

Malalo ndiyo nyumba yao, na ndiyo sehemu kubwa ya chakula chao. Mimi natumia dumu la njano la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula. Nalilaza ubavu, nalikata upande wa juu kama mfuniko, natoboa matundu chini kwa msumari wa moto, kisha naliosha kwa sabuni mpaka utelezi uishe. Dumu lililobeba dawa ya shamba usiliguse, hata ukiliosha mara kumi. Ndani najaza kina cha shubiri moja: maboksi yaliyochanwachanwa, majani makavu ya mwembe, vipande vya mgomba uliooza, na samadi ya ng'ombe iliyokaa.

Hilo neno "iliyokaa" lilinigharimu dumu langu la kwanza. Niliweka samadi ya siku mbili, nikaona nimewakirimu. Asubuhi natia mkono, ndani kuna moto kama sufuria ya uji. Wachache walikuwa wamepanda ukutani wakitafuta pa kutokea, wa chini walikuwa wameshakuwa rojo. Samadi mbichi ikioza hutoa joto na harufu kali ya amonia, na nyungunyungu hana mapafu, anavuta hewa kwa ngozi yake yote. Hewa ikiwa sumu, anaoga sumu. Siku hizi narundika samadi kivulini mwezi mzima, naigeuza kila wiki, na siitumii hadi iwe baridi mkononi na inanukia udongo.

Unyevu nao unapimwa kwa mkono. Chota konzi ya malalo, kamua. Likidondoka tone moja au mawili, pazuri. Maji yakichuruzika, umewafukuzia hewa, changanya maboksi makavu. Kisipotoka kitu, nyunyiza maji kidogo, maana ngozi ikikauka hawezi kupumua.

Sasa mbegu. Hapa wengi hukosea, wakachimba wale wakubwa wa rangi ya udongo wanaoishi kina kirefu, wakawatia ndani ya dumu na kushangaa wanavyopungua. Hao ni wachimbaji, maisha yao ni mashimo marefu. Unaowataka ni wale wekundu wanaoishi juu juu, ndani ya rundo la samadi kuukuu au chini ya mgomba uliolala ukaoza. Wamezoea kusongamana na kula vinavyooza. Konzi mbili zinatosha kuanzia. Usiku wa kwanza watataka kutoroka, kwa hiyo waachie taa inawaka juu yao: wanaukimbia mwanga, watazama ndani na kupazoea.

Chakula kiwe kidogo. Maganda ya ndizi, ya papai, ya embe msimu ukifika, majani ya chai yaliyotumika, yote nafukia kona moja, na siongezi mpaka ya mwanzo yamelainika na kupotea. Chumvi, pilipili, ndimu na mabaki yenye mawese hayaingii kabisa. Kijana wangu aliwahi kumwagia humo maji aliyooshea samaki wa chumvi, akidhani anawanywesha. Hatukuvuna hata mmoja.

Adui ninayemwogopa ni siafu. Wanaweza kumaliza dumu zima kwa usiku mmoja. Liweke juu ya meza ya miti yenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la maji, na hakikisha hakuna tawi wala jani linalogusa dumu, kwa kuwa hilo kwao ni daraja. Kuku pia, lakini kwa kuku mfuniko unatosha.

Kila nyungunyungu ana via vya kiume na vya kike, ila bado anahitaji mwenzake ili wapandane. Aliyekomaa utamjua kwa mkanda ulioumuka karibu na kichwa. Mayai hukaa ndani ya vifuko vya manjano vidogo kama punje ya mtama, na kifuko kimoja kinaweza kutoa watoto zaidi ya mmoja. Wale wanaowakata katikati wakitarajia kupata wawili wanaua tu. Mimi sivuni chambo kabla ya miezi mitatu, na kila nikivuna naacha nusu ya wenye mikanda.

Kuvuna ni rahisi. Mwaga malalo juu ya turubai penye mwanga, yafanye kichuguu, subiri dakika chache. Watakimbilia chini katikati, wewe unakwangua juu taratibu mpaka uwakute wamejifunga pamoja. Nawalaza usiku mmoja kwenye karatasi zenye unyevu watoe uchafu wa tumboni, nadhani ngozi nayo hukaza na hawachomoki upesi. Ndoano ipite penye mkanda, mkia uachwe ucheze. Kwa kambale, anayetafuta kwa sharubu majini penye tope, harufu ya nyungunyungu mzima ni mwaliko tosha. Kwa migebuka usijisumbue, huyo anafuata dagaa.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, niliogopa dumu litafurika. Halikufurika. Nafasi na chakula vikibana, wanapunguza kuzaa. Nilichopata kwa wingi ni mbolea yao, nyeusi na laini kama majani ya chai, na mama wa jirani aliinunua yote kwa ajili ya mchicha wake.

Mbegu nagawa bure. Ila ukija, njoo na ndoo yako ikiwa na malalo tayari, nami nitatia mkono ndani kwanza. Ikiwa bado ya moto, tutakunywa chai, na utarudi wiki ijayo.